Simu ikijaa: Usifute kitu kabla ya kujua unachofuta

Haba na haba hujaza kibaba, na katika simu nyingi kibaba chenyewe ni kidogo. Pale Maseno, kwenye mstari wa ikweta kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia, mwanafunzi wa chuo kikuu na mama anayeuza omena sokoni wanaweza kusumbuliwa na ilani ile ile: nafasi imekwisha. Mwanafunzi anashindwa kupakua notisi za mhadhiri. Mama naye huenda akakosa ujumbe wa M-PESA.

Naam, ujumbe wa M-PESA! Simu ya Android ikijaa kabisa huweza kukataa kupokea ujumbe mfupi. Mteja amelipa, pesa zimeingia, lakini ujumbe wa kuthibitisha hauonekani, na hapo ndipo watu wazima hurushiana maneno hadharani. Kumbe pesa zipo. Kilichokwama ni ujumbe. Ukipunguza mzigo wa simu, aghalabu ujumbe huo huingia.

MPANGAJI NA MWENYE NYUMBA

Tatizo hili si geni. Kiini cha Android ni Linux, kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Wakenya wengi waliionja Android kwa mara ya kwanza mwaka 2011, Safaricom ilipouza simu ya Huawei IDEOS kwa takriban shilingi 8,000. Hifadhi yake ya ndani ilikuwa megabaiti 512, na mwenye simu aliachiwa chini ya 200 kwa programu zake. Programu moja kubwa ya leo ingeimeza nafasi hiyo yote.

Siku hizi hata simu za bei nafuu huwa na gigabaiti 32 au zaidi. Hata hivyo, zile za 8 na 16 bado ziko mikononi mwa watu, nyingi zikirithiwa na watoto kutoka kwa wazazi.

Je, mbona simu iliyoandikwa 16 haikupi 16? Ni kama mpangaji aliyekodi nyumba akakuta mwenye nyumba amefunga vyumba viwili kwa kufuli. Sehemu hiyo ni ya mfumo wenyewe, na programu zilizokuja na simu zimo humo. Isitoshe, programu hizo zinaposasishwa, nakala mpya huwekwa upande wako huku ya zamani ikibaki kwa mwenye nyumba. Ndiyo maana nafasi hupungua hata kama hujaongeza programu yoyote. Usiyoitumia unaweza kuizima kwenye mipangilio na kuondoa masasisho yake.

CHUNGA MANENO MAWILI

Ukiigusa programu kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi, utaona mambo mawili: kufuta akiba na kufuta data. Akiba ni vitu vya muda ambavyo programu itavitengeneza tena ikivihitaji. Kuifuta hakuna hasara. Kufuta data ni jambo jingine kabisa. Programu hurudi ilivyokuwa siku ya kwanza, na kilichokuwa ndani ya simu pekee hupotea. Wapo waliofuta data ya WhatsApp bila kuweka nakala, wakapoteza mazungumzo yote na jamaa aliyekwisha kufariki.

Kabla ya kufikia hapo, tazama kwanza picha na video. Makundi ya harambee, ya matanga na ya wazazi wa darasa humwaga video mchana kutwa, nazo hujihifadhi zenyewe. Ndani ya mipangilio ya WhatsApp mna mahali pa kuzuia zisijipakue, na pengine panapoonyesha ni kundi gani linalokula nafasi zaidi. Anzia hapo.

KADI NA NJIA NYINGINE

Tangu Android 2.2 ya mwaka 2010, baadhi ya programu zinaweza kuhamishiwa kwenye memori kadi, mradi aliyeitunga programu ameruhusu na simu yenyewe inakubali. Usiitoe kadi hiyo ovyo, kwa maana programu zilizohamia huko hazitafunguka hadi uirudishe. Simu ikikataa kuhamisha programu, walau kadi itachukua picha na nyimbo.

Jihadhari na kadi bandia. Huandikwa ukubwa zisiokuwa nao, na zikijaa huharibu vilivyotangulia. Ijaze kabisa kwa faili za majaribio, uzifungue zote, ndipo uiamini na picha za harusi.

Si lazima kila huduma iwe na programu yake. Menyu ya M-PESA imo ndani ya laini ya simu tangu huduma hiyo ilipoanza Machi 2007, nayo hufanya kazi hata pale programu yake haipo. Huduma nyingi za serikali na za vyuo hufunguka kwenye kivinjari bila kuweka chochote cha kudumu.

Mwisho, pale simu moja inapotumiwa na nyumba nzima, kaeni pamoja kabla ya kufuta. Mchezo wa mtoto hupakuliwa tena siku yoyote. Picha ya nyanya aliyezikwa mwaka jana, ikiwa ipo kwenye simu hiyo tu, haipakuliwi popote. Itoleeni nakala kwanza.