Je, pombe isiyo kali sana ina faida?

Jioni moja karibu na steji ya Olympic, Kibera, vijana wawili walikuwa wakibishana mbele ya dirisha la duka la pombe. "Chukua hiyo ya bei nafuu, ndugu yangu," alisema mmoja. "Hiyo ni maji tupu," akajibu mwenzake.

Huyo wa pili hakukosea sana. Hata wiski ya bourbon ya Marekani huongezwa maji kabla ya kutiwa chupani, ila sheria ya huko hairuhusu ishuke chini ya asilimia 40. Hebu piga hesabu: mililita 250 za asilimia 40 zina mililita 100 za kileo, za asilimia 35 zina 87.5. Bei ikiwa ni ile ile, msomaji, umenunua maji kwa bei ghali. Lakini kwa mzazi anayekunywa glasi moja kisha kurudi kwa watoto, maji hayo si hasara. (Mkewe ataniunga mkono.)

Mitaani kwetu kuna swali zito zaidi. Asilimia iliyoandikwa kwenye karatasi haikwambii kama ndani mna methanoli, ambayo hupofusha na kuua. Novemba 2000, pombe ya kumi-kumi iliua zaidi ya watu 100 Mukuru kwa Njenga na mitaa jirani. Februari 2024, pombe yenye sumu iliua wengine Kirinyaga.

Mimi huanza na kifuniko na stempu ya KRA, ndipo nisome asilimia. Wale vijana niliwaacha wangali wanabishana kuhusu bei.