Kipenyo, Kina na Kasi: Hesabu ya Maji Yatokayo katika Matundu ya Ukubwa Tofauti

Mnamo mwaka wa 97 Baada ya Kristo, Kaizari Nerva alimteua Sextus Julius Frontinus kuwa msimamizi wa maji ya mji wa Roma. Wakati huo mji ulihudumiwa na mifereji mikuu tisa. Maji yalikusanywa katika matangi ya ugavi, na kila aliyekuwa na kibali akapata sehemu yake kupitia mdomo wa shaba uliopachikwa ukutani mwa tangi na kupigwa mhuri. Risasi haikufaa kwa kazi hiyo kwa sababu ni laini. Mwenye hila angeweza kuipanua au kuibana apendavyo.

Kipimo cha msingi kiliitwa quinaria, yaani bomba lenye kipenyo cha robo tano za dijiti. Dijiti ni upana wa kidole, takriban milimita 18.5. Mabomba makubwa zaidi yalitajwa kwa idadi ya robo hizo: robo 6, robo 8, robo 10, hadi robo 20. Asiyetafakari atadhani kwamba bomba la robo 20 hutoa maji mara nne ya lile la robo 5. La hasha! Maji hayapiti katika kipenyo bali katika eneo la tundu, na eneo hukua kwa mraba wa kipenyo. Nne mara nne ni 16. Kwa hiyo bomba moja la robo 20 ni sawa na mabomba 16 ya robo 5.

Kanuni hii ndiyo iliyofichua ulaghai. Frontinus aligundua kwamba wagavi wa maji walikuwa wamelipunguza bomba la robo 20, ambalo ndilo lililotumiwa sana kuwagawia watu maji, kwa nusu dijiti ya kipenyo. Hiyo ni sehemu moja tu ya kumi, na jicho la mteja lisingeing'amua upesi. Hata hivyo, tisa ya kumi ikizidishwa kwa tisa ya kumi huwa 81 ya mia. Quinaria 16 na ushei zikawa 13 hivi. Kwa upande wa pili, mabomba makubwa ambayo wagavi hao walipokelea maji yalikuwa yamepanuliwa! Walipata faida wakipokea, wakapata tena wakitoa.

Hesabu hiyohiyo inahusu mabomba ya nyumbani ya nusu inchi, robo tatu inchi na inchi moja. Yakitoboka kutoka tangi moja kwa kina kimoja, hayagawani maji kwa uwiano wa 2, 3 na 4, bali 4, 9 na 16. Kati ya mafungu 29, bomba la nusu inchi hupata manne pekee.

Eneo, hata hivyo, ni nusu ya hadithi. Mnamo 1628 mtawa Benedetto Castelli alichapisha huko Italia kitabu kilichoeleza kwamba kiasi cha maji yapitayo ni eneo likizidishwa kwa kasi. Mwanafunzi wake, Evangelista Torricelli, akaonyesha mwaka wa 1644 kwamba kasi ya maji yanayotoka tunduni hutegemea kipeuo cha pili cha kina cha maji yaliyo juu ya tundu hilo. Kanieneo (istilahi iliyoundwa vizuri sana, kwani ni kani juu ya eneo) huongezeka jinsi kina kinavyoongezeka, nayo huyasukuma maji nje. Kwa kina cha mita moja, kasi ni takriban mita 4.4 kwa sekunde; kwa sentimita 25, ambayo ni robo yake, kasi hushuka hadi nusu.

Tuseme tangi lina matundu matatu. La kwanza lina kipenyo cha sentimita 2 na liko kina cha mita moja. La pili ni la sentimita 4, kina cha sentimita 25. La tatu ni la sentimita 2, kina hichohicho cha sentimita 25. Maeneo yake ni kama 1, 4 na 1. Kasi ni kama 2, 1 na 1. Ukizidisha utapata mafungu 2, 4 na 1. Kwa lita, sharti pia izingatiwe kwamba mkondo hujibana unapotoka katika tundu lenye ukingo mkali, hivi kwamba hupita takriban 62 ya mia ya kiasi kilichotarajiwa. Tundu la kwanza basi hutoa lita 0.86 kwa sekunde, la pili 1.72 na la tatu 0.43. Jumla ni lita tatu hivi.

Hesabu hiyo huchukulia kwamba kina hakibadiliki. Tangi likiingiziwa kiasi kisichoongezeka, mambo huwa mengine: kina hupanda au kushuka mpaka yanayotoka yalingane na yanayoingia. Majirani wawili wenye matundu sawa ya sentimita 2, katika kina kimoja, hupata nusu kwa nusu. Mmoja akilipanua lake hadi sentimita 3, maeneo huwa 4 kwa 9. Kina hushuka, na yule ambaye hakugusa chochote hubakia na mafungu 4 kati ya 13, yaani chini ya thuluthi.

Frontinus alijua kwamba tundu lililowekwa chini huvuta maji mengi kuliko lililowekwa juu, na kwamba mkondo wa kasi hutoa zaidi ya kipimo chake. Lakini hakuwa na njia ya kuitia kasi katika hesabu. Daftari za serikali zilionyesha quinaria 12,755 zilizopokelewa na 14,018 zilizogawiwa. Alipopima mwenyewe kwenye vyanzo, alipata takriban 10,000 zaidi ya zilizoandikwa, akawalaumu wezi. Wezi walikuwako, na mabomba yao ya siri yalifukuliwa. Ila sehemu ya tofauti hiyo yaweza kuwa ni kasi ambayo haikupimwa, na kwa kuwa haikuandikwa popote, quinaria zake haziwezi kugeuzwa kuwa lita kwa uhakika hadi leo.