Moja ya kumi ya sekunde

Jamani, wazee wa programu waliopitia jeshini wakianza stori, hii ya Dhahran, Saudia, haikosi. Tarehe 25 Februari 1991 Scud ya Iraq iliua wanajeshi 28 wa Marekani. Patriot haikufyatuka kabisa. Kisa? Kompyuta yake, ya muundo wa miaka ya 1970, ilihesabu muda kwa moja za kumi za sekunde. Sasa moja ya kumi, ukiiandika kwa sifuri na moja tupu, haiishi, kama theluthi inavyotupa 0.333. Nafasi zilikuwa 24, mkia ukakatwa. Baada ya masaa 100 bila kuzimwa kosa lilifika sekunde 0.34, na Scud hapo imeshapita nusu kilomita. Rada ikatazama patupu. Dawa ilikuwa kuzima na kuwasha tu! Walishaonywa wasiiwashe muda mrefu mno, ila hawakuambiwa masaa mangapi. Programu iliyorekebishwa ilifika kesho yake.