Fahamu: Kwa nini modemu hugoma kwenye Linux

Septemba 30, 2025 kampuni ya AOL ya Marekani ilizima intaneti ya kupiga simu. Lakini Mbagala au Tandale, Dar es Salaam, baadhi ya modemu za USB kwenye kompyuta za Linux bado hupiga *99# na kutumia PPP, itifaki ya intaneti ya kupiga simu.

Muunganisho ukikwama kwenye uthibitisho, wengi hukimbilia kubadili nywila. Kwa kawaida nywila si tatizo: kampuni ya simu hukutambua kwa laini yako. Andika jina na nywila yoyote, kwani wvdial, programu ya kupiga simu, haitaki nafasi tupu, kisha hakiki APN (jina la lango la intaneti la kampuni hiyo).

Kumbukumbu za pppd, programu inayoendesha PPP, zikidai upande wa pili ujithibitishe, kompyuta yako ndiyo inayoudai mtandao kitambulisho (ujeuri ulioje!). Ongeza noauth kwenye faili lako ndani ya /etc/ppp/peers, upige upya.