Tairi la mbele hili, la nyuma lile: hatari ya kuchanganya matairi ya pikipiki iko wapi?

Pita kwenye kijiwe chochote cha bodaboda jijini Dar es Salaam, kisha inama uangalie magurudumu. Ni nadra kukuta pikipiki iliyomaliza mwaka barabarani ikiwa bado na matairi mawili yanayofanana. La nyuma ni jipya, la kampuni moja. La mbele ni lile lile lililokuja na pikipiki, na limeanza kuwa kipara. Sababu yake inaeleweka: tairi la nyuma ndilo linalosukumwa na injini na kubeba abiria, kwa hiyo huisha mapema. Dereva anayedaiwa hesabu na tajiri jioni hawezi kununua mawili wakati lililoisha ni moja.

Je, kuchanganya hivyo ni hatari? Jina la kampuni peke yake si tatizo. Tairi la kampuni hii mbele na la kampuni ile nyuma, yakiwa na vipimo sahihi, aina moja na hali nzuri, yatakufikisha salama. Tatizo huanza pale matairi mawili yanapokuwa na tabia tofauti, moja likishika barabara na jingine likiteleza.

Tuanze na breki. Ukifunga breki, uzito wa pikipiki, wako na wa abiria husukumwa mbele. Wakati huo tairi la mbele ndilo linalofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha, na ndilo hilo hilo linaloelekeza pikipiki. Tairi la nyuma likiteleza, dereva mzoefu mara nyingi huweza kuirudisha pikipiki kwenye mstari. La mbele likiteleza, unakuwa chini kabla hujatoa mguu. Kwa hiyo mchanganyiko tunaouogopa kuliko yote ni ule uliozoeleka kuliko yote: jipya nyuma, kipara mbele. Wakati wa kiangazi hutaona tofauti kubwa. Subiri mvua ya kwanza, lami ikiwa na vumbi na oili iliyomwagika kwa miezi. Mifereji ya tairi ipo ili kuyapa maji njia ya kutoka, na tairi lisilo na mifereji hupanda juu ya maji hayo badala ya kugusa lami.

Wapo pia wanaohamishia mbele tairi lililochakaa nyuma, eti limalizikie huko. Hiyo ni kuokoa fedha mahali pabaya kabisa.

Vipimo navyo vina habari yake. Kwenye pikipiki nyingi za cc 125 hadi 150 utakuta tairi la mbele limeandikwa 2.75-17 na la nyuma 3.00-17. Namba ya kwanza ni upana kwa inchi, ya pili ni kipenyo cha rimu. Pembeni yake mara nyingi kuna namba ndogo na herufi, kwa mfano 41P au 50P, na hapa ndipo wengi hawaangalii. Namba 41 maana yake tairi hilo limeundwa kubeba kilo 145, na 50 maana yake kilo 190. Herufi P ni mwendo wa mwisho, kilomita 150 kwa saa.

Sasa piga hesabu. Pikipiki ina kilo 120, dereva 70, abiria 70. Jumla ni kilo 260, na karibu theluthi mbili ya uzito huo huangukia nyuma, yaani zaidi ya kilo 170. Tairi la 41 lililofungwa nyuma kwa sababu lilikuwa la bei nafuu tayari limezidiwa, hata kabla hujapakia gunia. Ukibeba mishkaki, abiria wawili, hata lile la 50 limezidiwa.

Wengine hukimbilia kufunga tairi nene zaidi, 3.50 kwa mfano, kwenye rimu ile ile nyembamba, wakiamini pikipiki itabeba zaidi. Rimu nyembamba hulibana tairi pana, kifua chake kinavimba na kuwa duara, na sehemu inayogusa lami inapungua. Wakati mwingine tairi hukwaruza cheni au madigadi. Na hata lisipokwaruza, spoku na shokapu ni zile zile za zamani.

Meno ya tairi ni suala la mahali unapofanyia kazi. Tairi lenye meno makubwa hushika vizuri kwenye tope na kokoto, lakini juu ya lami linagusa kwa ncha za meno tu. Ukiweka la meno nyuma na la lami mbele, kila gurudumu litakuwa na umbali wake wa kusimama. Kwa dereva wa vijijini anayekutana na lami kidogo tu, sisi tungemshauri achukue aina ya katikati, mbele na nyuma, badala ya kugawanya.

Kwenye pikipiki kubwa za safari kuna jambo la kuongeza. Tairi lenye herufi R katikati ya vipimo, kama 120/70 R17, limesukwa nyuzi zake kwa namna nyingine na kuta zake hunesa tofauti na lile lenye kistari. Yasichanganywe mpaka kitabu cha pikipiki kiruhusu.

Ukishanunua, linakuja swali la nani alifunge. Kama pikipiki bado iko kwenye dhamana, soma masharti kwanza: kwa kawaida sevisi hutakiwa ifanywe kwa wakala, na ukifungua injini kwa fundi wa nje unaweza kuipoteza dhamana. Dhamana ikiisha, hatuoni ubaya wa fundi wa chini ya mwembe kwa kazi za matairi, breki na cheni. Anaweza kuwa hodari kuliko kijana aliyevaa ovaroli yenye nembo. Kazi ya kufungua injini, au pikipiki yenye mfumo wa umeme wa kuingiza mafuta, ipeleke penye vifaa vya kupimia.

Namna nzuri ya kumjua fundi ni kusimama pale akifunga gurudumu moja. Anatumia vyuma vya kutolea tairi, au anachokoa kwa bisibisi na kutoboa tyubu? Anatafuta mshale wa mwelekeo uliochorwa ubavuni? Anapima upepo kwa geji, au anabonyeza kwa kidole gumba? Pikipiki nyingi za ukubwa huu zinahitaji karibu PSI 25 mbele, na nyuma 28 ukiwa peke yako au 32 ukibeba abiria. Kidole hakijui tofauti hiyo.

Gurudumu la nyuma likirudi, aangalie alama za kukaza cheni pande zote mbili zilingane, la sivyo gurudumu litakaa mshazari. Kwenye breki za ngoma kuna chuma kirefu kinachoishika sahani ya breki isizunguke. Boliti yake ikisahaulika, siku utakapokanyaga breki kwa nguvu sahani itazunguka na gurudumu linaweza kufunga ghafla. Mwombe akuonyeshe imekazwa. Fundi mzuri hakasiriki akiulizwa, na spea anaitoa kwenye pakiti mbele yako.

Kabla ya kulipia tairi, soma pia tarakimu nne zilizo peke yake ubavuni, mwishoni mwa maandishi ya DOT. Ukiona 2319, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa dukani miaka mingi hukauka na kupasuka nyufa ndogo hata kama halijagusa barabara.

Tairi jipya huwa na utelezi juu yake. Kwa kilomita 100 hadi 150 za mwanzo usilale sana kwenye kona wala kufunga breki kwa ghafla, na kesho yake asubuhi kagua tena nati za ekseli na upepo kabla ya kumpakia abiria wa kwanza.