Bei ya Dakika Chache: Soko la Ulinzi wa Nyumba Mjini Johannesburg

Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto ya Afrika Kusini, iliyopitishwa mwaka 2000 na kuanza kutumika Julai 2004, ina kifungu ambacho wafanyabiashara wa ulinzi wa Johannesburg wangeweza kukibandika dukani kama tangazo. Kifungu hicho cha 13, kinachohusu leseni ya silaha ya kujilinda, kinamtaka mwombaji athibitishe mambo mawili: kwamba anahitaji silaha ili ajilinde, na kwamba hawezi kuitimiza haja hiyo ipasavyo kwa njia nyingine isiyokuwa kumiliki silaha. Hapewi leseni, basi, mpaka aeleze kwa nini ukuta, mbwa, kengele na mlinzi wa kulipwa havimtoshi. Na kwa kuwa karibu kila moja ya njia hizo ina muuzaji wake, swali la wanasheria limegeuka kuwa swali la soko.

Ili soko hilo lieleweke, ni lazima kwanza yatenganishwe makosa mawili ambayo polisi wa nchi hiyo huyahesabu mbali mbali. Uvunjaji wa nyumba ni wizi ambao mwenye nyumba kwa kawaida hakutani na mwizi, ama kwa sababu hayupo au kwa sababu hakuamka, ilhali ujambazi wa nyumbani ni uvamizi unaowakabili wakazi ana kwa ana kwa nguvu au vitisho. Katika mwaka wa hesabu wa 2019/20 polisi waliandikisha nchini kote takriban matukio 206,000 ya aina ya kwanza na takriban 21,000 ya aina ya pili, yaani karibu kumi kwa moja. Uwiano huo una maana kubwa kwa mnunuzi, kwa kuwa katika nyumba isiyo na mtu bastola hailindi chochote, bali ni mali mojawapo ya kuibwa, na tena mali inayotafutwa sana. Hata hivyo hofu ya wateja haifuati hesabu hizo: kinachowanyima watu usingizi ni ujambazi, na matangazo ya biashara yanalijua hilo vizuri.

Anayechagua silaha ya moto huingia kwenye mlolongo wa gharama ambao bei ya bastola yenyewe ni sehemu yake tu. Hupaswa kuwa na umri wa miaka 21, kupata mafunzo kwa mkufunzi aliyeidhinishwa, kufaulu mitihani, kuomba cheti cha umahiri polisi, kisha kuomba leseni ya silaha mahususi ambayo aghalabu ameshailipia na ambayo muuza silaha huendelea kuitunza dukani mpaka kibali kitoke. Nyumbani anatakiwa awe na sefu ya chuma ya kiwango kilichowekwa, iliyofungwa imara mahali pake. Leseni ya kujilinda ni moja tu kwa kila mtu, hudumu miaka mitano, huruhusu bastola isiyofyatua mfululizo au bunduki ya marisau isiyojipakia yenyewe, na risasi zisizozidi 200. Mwaka 2018 Mahakama ya Katiba ilikubali kwamba masharti ya kuhuisha leseni ni halali, na hivyo aliyeacha leseni yake imalizike anamiliki silaha kinyume cha sheria. Miaka mitatu baadaye, serikali ilitoa rasimu ya muswada ambao ungeifuta kabisa kujilinda kama sababu ya kupewa leseni. Upinzani ulikuwa mkali, muswada ukakwama.

Hoja ya watetezi wa silaha si ya kupuuzwa, kwa sababu polisi huweza kuchelewa, na anayevamiwa hana muda wa kusubiri. Lakini ushahidi uliokusanywa Johannesburg kwenyewe hauwapi faraja kubwa. Mtafiti Antony Altbeker alichambua majalada ya polisi wa Alexandra na Bramley ya Januari hadi Aprili 1997, na katika chapisho lake la 1999 akaonesha kwamba mwenye silaha alielekea mara nne zaidi kuporwa silaha yake kuliko kufanikiwa kuitumia kujilinda. Sababu yake inaeleweka: mvamizi ndiye anayechagua saa na mahali, na mwenye nyumba huanza akiwa nyuma. Aidha, sheria haimruhusu kumpiga risasi mwizi anayekimbia na televisheni, kwani katika shauri la Walters la mwaka 2002 Mahakama ya Katiba ilibana sana matumizi ya nguvu ya kuua dhidi ya mtu anayetoroka. Na upo mfano ambao hakuna Mwafrika Kusini asiyeujua: Februari 2013, katika mtaa wenye uzio na walinzi mjini Pretoria, mwanariadha Oscar Pistorius alifyatua risasi nne kupitia mlango wa choo akamuua mpenzi wake Reeva Steenkamp, akidai kwamba alidhani ni mvamizi. Mahakama ya Rufaa ilimtia hatiani kwa mauaji mwaka 2015.

Fedha nyingi, kwa hiyo, zimekwenda kwingine. Kampuni za kuitikia kengele, yaani zile zinazompelekea mteja askari wenye silaha ndani ya gari pindi king'ora chake kinapotoa taarifa kwenye chumba cha udhibiti, zilikua haraka katika miaka ya 1980, wakati polisi wa utawala wa ubaguzi wa rangi walipokuwa wakitumiwa zaidi kuzima maandamano kuliko kufuatilia wezi. Leo sekta nzima ya ulinzi binafsi, inayosimamiwa na mamlaka ijulikanayo kama PSIRA chini ya sheria ya mwaka 2001, ina walinzi zaidi ya 500,000 walio kazini, wakati watumishi wote wa polisi hawafiki 200,000. Mwaka 2017 kundi la Fidelity liliinunua ADT ya Afrika Kusini, likawa miongoni mwa makampuni makubwa kabisa ya kazi hiyo. Chini ya makampuni hayo kuna kampuni ndogo za mitaa zinazogombania barabara moja moja. Mteja hulipa ada ya kila mwezi, na mara nyingi anachokiona kwa ada hiyo ni kikaratasi kilichochomekwa getini kikisema kwamba askari alifika saa fulani, akazunguka nje, akakuta hali ni shwari, kwa kuwa kengele zilizo nyingi hulizwa na paka, upepo au mwenye nyumba aliyesahau namba yake ya siri.

Kinachonunuliwa hasa katika biashara hii yote ni muda. Nyaya za umeme juu ya ukuta, ambazo hutoa mapigo mafupi ya volti nyingi yaumizayo bila kukusudiwa kuua, kazi yake kubwa ni kutoa taarifa pale zinapokatwa au kuguswa. Tangu Oktoba 2012 uzio mpya wa namna hiyo huhitaji cheti cha fundi aliyesajiliwa. Bustanini huwekwa vihisio vya miale isiyoonekana ambavyo hulia kabla mtu hajaufikia mlango, na ndani ya nyumba huwa na milango ya chuma ya kukunjwa, bidhaa iliyoipatia jina kampuni ya Trellidor, iliyoanza Durban mwaka 1976 na kuingia soko la hisa la Johannesburg mwaka 2015. Mlango huo hufungwa usiku kati ya sebule na vyumba vya kulala, ili aliyekwisha kuingia bado awe na kazi ya kufanya. Mtu mwenye bastola lakini asiye na mlango huo ana sekunde. Mwenye mlango bila bastola ana dakika, na dakika ndizo zinazolifikisha gari la askari.

Mfumo huu nao una udhaifu wake, na mgao wa umeme uliufichua vibaya. Mwaka 2023, saa zisizo na umeme zilipozidi kuliko mwaka wowote uliotangulia, betri za akiba zilizotengenezwa kwa dharura za mara moja moja zilichoka kwa kuishiwa chaji kila siku, ving'ora vikanyamaza na nyaya zikawa nyaya tu. Mota za mageti nazo zikawa windo la wezi, kiasi kwamba mbele ya nyumba nyingi za kaskazini mwa jiji mtu huona kisanduku cha mota kikiwa kimefungiwa ndani ya fremu nzito ya chuma yenye kufuli lake: kilinzi kinacholindwa.

Ulinzi umetoka pia nje ya ukuta. Vumacam, iliyozinduliwa Johannesburg mwaka 2019, imesimika nguzo za kamera zinazosoma namba za magari na kuzikodisha picha zake kwa kampuni za ulinzi. Ilipozozana na wakala wa barabara wa jiji kuhusu vibali, Mahakama Kuu iliipa Vumacam ushindi mwaka 2020. Vizuizi vya barabarani, ambavyo wakazi huweka kwa idhini ya jiji chini ya sheria ya Gauteng ya mwaka 1998, kisheria haviwezi kumkataza mpita njia kuingia, ingawa mwenye kutembea kwa miguu na mwenye gari la kifahari hawaulizwi maswali sawa hapo.

Kati ya kengele na bastola pamezuka bidhaa ya tatu, nayo ni kifyatuzi cha gesi kinachorusha vidonge vya pilipili, ambacho chapa yake maarufu, Byrna, ni ubunifu wa Mwafrika Kusini André Buys. Kwa kuwa hakitumii baruti hakihesabiwi kuwa silaha ya moto, na huuzwa bila leseni. Humpa mtu nafasi ya kukimbia. Dhidi ya majambazi kadhaa wenye bunduki, hakipaswi kutarajiwa kufanya zaidi ya hilo.

Mwamuzi wa kimya katika uchaguzi huu ni kampuni ya bima, ambayo mara nyingi huweka nondo za madirisha na kengele iliyounganishwa na askari kuwa masharti ya kulipa fidia ya wizi, lakini haimdai mtu bastola. Hapo ndipo kifungu cha 13 kinapoonekana kilivyo kigumu kutekelezwa kwa haki. Anayeweza kusema kweli kwamba hana njia nyingine ni mkazi wa mtaa wa kimaskini kama Alexandra asiye na uwezo wa kulipa ada ya kila mwezi, ila huyo huyo ndiye asiyemudu mafunzo, sefu na miezi ya kusubiri.

Kwa wasemaji wa Kiswahili waliohamia jijini, wakiwamo Wakongo wa mtaa wa Yeoville, mlango wa silaha umefungwa zaidi, kwa sababu cheti cha umahiri hutolewa kwa raia au mwenye ukaazi wa kudumu pekee. Hata ajira ya ulinzi ina sharti kama hilo: wakimbizi waliipinga PSIRA mahakamani, na Desemba 2006 Mahakama ya Katiba ikaamua kwa wingi wa kura kwamba sharti hilo si ubaguzi usio wa haki, ingawa mamlaka inaweza kumsajili mkimbizi mwenye sababu nzuri. Wengi wameishia kulinda magari ya wateja kwenye maegesho ya maduka kwa bakshishi, kisha jioni hurudi kwenye maghorofa ambayo ulinzi wake ni geti la chuma la korido, komeo, na jirani anayeijua sauti ya kila mmoja.