Simu ya benki au ya tapeli: namna ya kutofautisha

Benki nchini Uganda huweza kumpigia simu mteja pale zinapotilia shaka muamala katika akaunti yake. Matapeli nao hujifanya maofisa wa benki waliogundua wizi, na hapo ndipo mteja hushindwa kumtambua mkweli.

Namba inayoonekana kwenye simu si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa inaweza kughushiwa ifanane na ya benki yenyewe. Kutajiwa jina kamili au tawi la akaunti pia si uthibitisho.

Kinachowatofautisha ni ombi lao. Ofisa wa kweli huuliza iwapo mteja ndiye aliyefanya muamala fulani. Haombi namba ya siri wala tarakimu za uthibitisho zilizotumwa kwa ujumbe mfupi, wala hamwagizi mteja kuhamishia fedha kwenye "akaunti salama". Tarakimu hizo ni kama sahihi: anayezitaja huenda ameidhinisha fedha zake zitolewe.

Njia ya uhakika ni kukata simu, kisha kuipigia benki kwa namba iliyoandikwa nyuma ya kadi, au kufika tawini. Ofisa wa kweli hatakataa. Tapeli husisitiza haraka.

Aliyekwisha kutaja tarakimu hizo aitake benki izuie akaunti mara moja. Asiporidhika na namna benki ilivyoshughulikia malalamiko yake, anaweza kuyafikisha Benki Kuu ya Uganda, iliyotoa mwongozo wa kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha mwaka 2011.